Ishara Zetu za Kila Siku: Ipi Yatutumikia, Ipi Yatutawala?

Na tumwazie baba mmoja wa Chiwata, mwenye mikorosho michache, shamba la mtama na mbaazi, na watoto watano. Marehemu mama yake alikuwa na desturi moja. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kupanda, kabla jembe halijagusa udongo, alitwaa unga wa mtama kidogo katika kiganja, akaunyunyiza pembeni mwa shamba, akawataja wazee wake waliotangulia mmoja mmoja, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akaanza kazi. Sasa mama amekufa. Mvua za kwanza zimenyesha, mbegu zi tayari, na baba huyu amesimama mahali pale pale aliposimama mama yake, unga u mkononi.

Mdogo wake amwambia, "Kaka, acha jambo hilo. Ni ushirikina, nawe ni mwenyekiti wa jumuiya, watu watasemaje?" Mjomba wao, ambaye kwa desturi za huku kwetu ndiye mwenye neno katika ukoo, amwambia, "Mpwa wangu, dada yangu hakuacha hata mwaka mmoja. Ukiacha wewe, na mavuno yakapungua, usije kwangu kulia." Baba yetu ashindwa la kufanya. Aona haya mbele ya mmoja na hofu mbele ya mwingine. Nasi twataka kumsaidia, maana shida yake si yake peke yake. Wako wengi miongoni mwetu wenye rozari shingoni na uzi wa mganga kiunoni, nao hawajapata hata siku moja kukaa kitako na kujiuliza kila kimoja chafanya nini mwilini mwao.

1. Mwanadamu hana budi kuwa na ishara

Wako watu wadhanio kwamba ishara na taratibu ni mambo ya kanisani na ya jandoni tu, na kwamba siku nyingine mtu huishi pasipo hizo. Sivyo. Mtu afikapo nyumbani kwa mwenziwe hasukumi mlango, bali hupiga hodi na kungoja. Mdogo amwambia mkubwa shikamoo. Kabla ya chakula kijana huwamiminia wazee maji mikononi, naye hunawa baada yao. Mfiwa hujifunga kaniki, na siku ya kuanua tanga huivua. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na mke aliyevikwa pete hahitaji kuandika barua kuwaarifu watu kwamba ameolewa. Hata taifa lina ishara zake: usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro, na kila mtu alielewa maana yake, hata yule asiyejua kusoma.

Tena kila mtu ana desturi zake za nafsi. Mmoja hawezi kuanza safari asipogusa kwanza paji la uso la mwanawe mchanga. Mwingine ametunza kanga ya marehemu mama yake sandukuni, naye huitoa mara moja kwa mwaka, akaianika juani, akairudisha. Hakuna aliyemwamuru. Ameona mwenyewe kwamba siku ile moyo wake hupata njia ya kumkumbuka mama pasipo kuvunjika.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu mtu si roho tupu wala si mwili mtupu. Lile analoliwaza moyoni hutafuta njia ya kutokea mikononi, na lile alifanyalo kwa mikono kila siku huingia polepole na kukaa moyoni. Mwenye msiba hajui aseme nini kaburini, lakini ajua kushika konzi ya udongo na kuutia. Tendo hilo dogo lamshika mkono na kumvusha pale ambapo maneno yamekwisha. Ndiyo maana Mama Kanisa hakuwanyima wanawe vitu vinavyoonekana: maji, mafuta, majivu, mshumaa, tawi la mtende, kengele ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Nasi watu wa Uwanda wa Makonde twaelewa upesi ishara ya maji kuliko wengi, maana kwa miaka mingi mama zetu wa Newala walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani kwa sababu maji hayakuwapo juu. Mtu aliyeyapata maji hivyo hahitaji hotuba ndefu aambiwe kwamba maji ni uhai.

2. Jambo lililotendeka Masasi

Swali la baba wa Chiwata si jipya. Liliulizwa katika wilaya hii hii zamani, tena kwa jambo kubwa kuliko konzi ya unga.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza ya Unguja alifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akaanzisha kijiji cha Kikristo. Waliowazunguka ni Wamakua, Wayao na Wamakonde, na watu hao wote walikuwa na shule yao ya utu, yaani jando la wavulana na unyago wa wasichana. Mjerumani Karl Weule wa Makumbusho ya Leipzig, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika kurasa nyingi juu ya taratibu hizo. Mtoto alitolewa kwa mama yake, akakaa kambini, akafundishwa adabu na siri za utu uzima, akarudi mwenye nguo mpya na jina jipya, naye tangu siku hiyo hakuitwa tena kwa jina la utoto.

Palikuwa na jambo moja kuu katika taratibu hizo. Wayao huuita mti fulani msolo, na Wamakua huuita mtholo. Chini ya mti huo wazee waliweka unga na kuwaomba wahenga, na jandoni tawi lake lilisimikwa kwa heshima kubwa.

Basi wamisionari wafanye nini? Wengine walikataza yote. Walakini katazo lilizaa siri. Mzazi aliogopa mwanawe asije akachekwa maisha yake yote kuwa si mtu kamili, akampeleka jandoni usiku, na asubuhi akaenda kanisani kama kwamba hakuna kitu. Wengine walifumba macho, wakaacha yote yaendelee. Ndipo William Vincent Lucas, padre wa Kianglikana wa Masasi, ambaye baadaye alikuwa askofu wa jimbo hilo tangu 1926 hata 1944, alipojaribu njia ya tatu. Akishauriana na mapadre na walimu Waafrika, waliojua mambo hayo kwa kuyapitia wenyewe, alipanga jando la Kikristo. Watoto walibarikiwa kwanza, wakasali kila siku kambini, wakafundishwa adabu pamoja na dini, na siku ya kutoka walikwenda kanisani kutoa shukrani. Maombi kwa wahenga yaliondolewa, na nyimbo na mafundisho machafu yaliondolewa. Kambi, wazee walezi, nguo mpya, jina jipya na furaha ya kijiji vilibaki.

Hatusemi kwamba kazi yake haikuwa na kasoro. Hata wakati wake wako waliosema ameacha mengi mno, na wako waliosema ameondoa mengi mno. Lakini tuangalie namna alivyouliza. Hakuuliza, "Je, jambo hili ni la Kizungu au la Kiafrika?" Aliuliza kila sehemu yafundisha nini, na yamwelekeza mtoto kwa nani.

Namna hiyo ya kuuliza ni ya kale katika Kanisa. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliwaelekeza wamisionari wa Uingereza wasibomoe mahekalu ya watu wale, bali waondoe sanamu, wayanyunyizie maji ya baraka na kuyatumia. Lakini si kila mara Kanisa liliona njia upesi. Ibada za Wachina za kuwaheshimu wazee wao na mwalimu wao Konfusio zilikatazwa kabisa mwaka 1742, na ilipita karibu miaka 200 hata katazo hilo lilipolegezwa mwaka 1939, ilipokubaliwa kwamba heshima hizo zaweza kuwa za kiraia tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 65, ulikubali kwamba katika nchi za misheni taratibu za jando na unyago za wenyeji zaweza kuingizwa, kadiri zinavyoweza kupatanishwa na ibada ya Kikristo. Papa Paulo VI, alipokuwa Kampala mwaka 1969, aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba Ukristo wa Kiafrika si ruhusa tu bali ni wajibu wao. Na mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, ambayo ndani yake wahenga wenye moyo mnyofu hukumbukwa pamoja na watakatifu.

Kwa hiyo mdogo wa baba yetu amefanya haraka kusema kila kitu cha wazee ni ushirikina. Lakini tusimshangilie mjomba bado.

3. Nyoka wa shaba

Katika kitabu cha Hesabu twasoma kwamba Waisraeli waliumwa na nyoka jangwani, na Musa, kwa amri ya Mungu, akatengeneza nyoka wa shaba na kumtundika juu ya mti. Aliyemtazama akapona. Ishara hiyo basi ilitoka kwa Mungu mwenyewe. Lakini miaka mingi baadaye, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, twakuta kwamba watu walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka yule yule. Mfalme Hezekia alifanya nini? Alimvunja vipande vipande, naye alihesabiwa kuwa mfalme mwema kwa kufanya hivyo.

Shaba haikubadilika. Kilichobadilika ni moyo wa mtazamaji. Kwanza watu waliitazama ishara wakamwona Mungu nyuma yake. Halafu waliitazama ishara wasione kitu nyuma yake, wakaiabudu yenyewe. Ndivyo ishara igeukavyo kuwa hirizi.

Na tuseme kweli bila kujipendelea: hatari hii haikai msoloni tu. Yuko dereva atundikaye rozari mbele ya kioo cha gari, halafu akaendesha kwa ulevi, akiamini kwamba rozari itashika usukani. Yuko mama anywaye maji ya baraka kama dawa, na vidonge alivyopewa zahanati amevitupa. Hao wametwaa vitu vitakatifu vya Kanisa wakavifanya hirizi. Nao si bora kuliko yule mwenye uzi wa mganga kiunoni. Pengine ni wabaya zaidi, maana wao walifundishwa.

4. Vipimo vitatu

Tutatenganishaje basi ishara na hirizi? Twaweka vipimo vitatu, ambavyo kila mtu aweza kuvitumia nyumbani kwake.

Cha kwanza: je, waweza kumweleza mwanao maana yake? Yoshua alipowavusha watu mto Yordani, aliamuru mawe 12 yasimamishwe, ili watoto watakapouliza habari zake siku zijazo, wazazi wawe na jibu. Ishara njema hupenda kuulizwa. Mtoto akiuliza, "Baba, kwa nini twafanya hivi?" nawe ukamjibu, "Nyamaza, usiulize mambo ya wakubwa," yamkini hata wewe hujui, au wajua ila waona haya.

Cha pili: je, ukiisahau siku moja, waingiwa na hofu? Aliyesahau kusali kabla ya kula husikitika kidogo, husali katikati ya chakula, na neno limekwisha. Lakini aliyesahau hirizi yake hutetemeka njia nzima. Ishara huleta amani, nayo ikikosekana huacha hamu tu. Hirizi huuza amani kwa mkopo, na deni lake ni hofu.

Cha tatu: je, yamzuia mtu kutimiza wajibu wake, au yamdhuru mtu yeyote? Mtoto akiwa na homa kali, akafungwa uzi mkononi, na siku mbili zikapita kabla ya kupelekwa hospitali, uzi ule umeiba siku mbili za uhai wake. Jando lifanywalo kwa wembe mmoja usio safi kwa watoto wengi, au unyago umwondoao msichana shuleni na kumfundisha mambo yaliyo juu ya umri wake, umepotea njia, hata kama nyimbo zake ni za kale na sindimba yake ni nzuri. Na taratibu yoyote inayokwisha kwa kumtaja jirani kuwa mchawi imekwisha kujihukumu yenyewe.

5. Turudi shambani

Sasa tumrudie baba wa Chiwata, kwa maana amesimama kitambo kirefu na mvua hazingoji.

Na ajiulize kipimo cha kwanza. Mama yake alikuwa akisema nini moyoni alipowataja wazee wake? Ikiwa alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili ya watu waliofyeka shamba lile mbele yake, na kuwaombea raha ya milele, basi hilo ni jambo jema na la Kikristo kabisa, na mdogo mtu anyamaze. Ikiwa alidhani kwamba wafu wana njaa, na kwamba wasipopewa unga watazuia mvua, basi hilo silo. Marehemu wetu hawahitaji chakula chetu. Wahitaji sala zetu na Misa.

Na ajiulize kipimo cha pili. Hapa maneno ya mjomba yamejifunua yenyewe, kwa kuwa hakusema, "Fanya kwa upendo wa mama yako." Alisema, "Fanya, la sivyo mavuno yatapungua." Hiyo ni sauti ya hofu. Mavuno hupungua kwa sababu mvua zimechelewa, kwa sababu mtu amepanda nyuma ya wakati, kwa sababu magugu yameachwa na wadudu wameingia. Ubwiriunga wa mikorosho hautibiwi kwa unga. Hutibiwa kwa salfa, kwa wakati wake, na kwa mkulima kukagua miti yake. Mtu aliyeacha palizi na kunyunyiza unga hakumheshimu mama yake, ambaye jembe lake halikulala.

Ushauri wetu, basi, ni huu. Asiutupe unga kwa hasira mbele ya mjomba, maana mjomba ni mzee wake, tena naye amefiwa na dada. Wakae pamoja, baba, mdogo wake na mjomba, na ikiwezekana wamwite katekista au padre. Wakubaliane kwamba Jumapili iliyo mbele watapeleka mbegu kanisani zibarikiwe pamoja na za majirani. Halafu siku ya kupanda waende wote shambani na watoto. Mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye ayajuaye majina, awataje marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na baada ya kila jina watoto waombe raha ya milele kwa huyo aliyetajwa. Kisha baba afanye ishara ya msalaba kama afanyavyo mama yake, na jembe liingie udongoni. Unga ule urudi nyumbani upikwe ugali, na bakuli la kwanza lipelekwe kwa mjane au mgonjwa aliye jirani. Hapo mjomba hakunyimwa nafasi yake, mdogo mtu hakukwazwa, mama amekumbukwa, mwenye njaa amekula, na hofu imekosa mahali pa kukaa.

6. Desturi chache kwa nyumba zetu

Kwa wale watakao kuanza, twapendekeza mambo machache. Achague kila mmoja moja au mawili tu, maana mzigo mkubwa hutupwa njiani.

Asubuhi, mtoto akienda shule, mzazi amtie alama ya msalaba katika paji la uso kwa kidole gumba, pasipo maneno mengi. Jioni moja kwa juma, redio na simu zinyamaze, na walioudhiana mchana wanawishane mikono kabla ya kula. Ni vigumu kummiminia mtu maji na kuendelea kumchukia. Tarehe ya ubatizo wa kila mtoto iandikwe ukutani, na siku hiyo iwashwe mshumaa. Kadhalika sikukuu ya somo wake. Jando humpa mtoto jina jipya, na ubatizo humpa jina pamoja na rafiki mbinguni. Mtoto asiyejua habari za somo wake ni kama mtu aliyepewa urithi akasahau mahali ulipo. Tarehe 2 Novemba, watoto waende makaburini na wazazi wakapalilie, na huko waambiwe bibi yao alikuwa mtu wa namna gani.

Mambo hayo ni madogo. Walakini samaki mkunje angali mbichi. Kijana atakayekwenda kesho Mtwara au Dar es Salaam kutafuta kazi hataweza kuuchukua mkorosho wa baba yake wala kaburi la bibi yake. Ataichukua ile alama ya kidole gumba katika paji lake, nayo haipimwi mizani wala haitozwi nauli.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Taja desturi moja ya nyumbani kwako uliyoirithi. Waweza kumweleza mtoto wa miaka saba maana yake?

2. Je, kuna kitu ukikikosa hulali usingizi? Ni ishara au ni hirizi?

3. Katika jando na unyago wa siku hizi hapa kwetu, ni lipi tungelitunza, lipi tungeliondoa, na nani angesimamia kazi hiyo?

4. Yuko mzee katika ukoo wako ayajuaye majina ya marehemu wote? Nani atayaandika kabla hajaondoka?